Mama akifulia ziwani, tumuulize bomba yake iko wapi

Wandugu, siku ya posho asubuhi mushuke kando ya ziwa Kivu, hapa kwetu Goma. Mutaona mama na watoto wameinama, manguo yametandikwa juu ya mawe ya volkano, povu inaingia moja kwa moja ndani ya maji. Hatua chache pembeni, kijana anajaza bidoni. Hayo maji ndiyo tutakunywa jioni.

Povu tunaiona. Plastiki hatuioni. Ndiyo, plastiki! Jezi ya mpira, legingi, kile kikoti cha baridi tulichochagua kwenye mitumba: soma etiketi. Ikiandikwa polyester, acrylique ao nylon, ule ni uzi wa plastiki, na kila ukifula vipande vidogo sana vinakatika. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha Plymouth, Uingereza, waliandika kwamba mashini yenye kilo 6 za nguo za acrylique inaweza kuachilia nyuzi zaidi ya 700.000 kwa mara moja. Kufula kwa mkono kunatoa kidogo kuliko mashini, lakini ukisugua kwa nguvu na burashi, zinaongezeka. Na zetu hazipiti popote pa kuchujwa: zinaingia ziwani, zinafuata Ruzizi mpaka Tanganyika.

Tusingojee dekreti. Ile ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza mifuko ya plastiki, na mifuko iko sokoni mpaka leo.

Tuanze sisi wenyewe. Jezi uliyovaa saa moja tu, ianike kwa upepo, haina haja ya sabuni. Polyester ifule kwa maji baridi, bila burashi. Maji machafu ya beseni yamwage kwenye udongo ao mchanga, mbali na ziwa. Nyuzi nyingi zitabakia pale. Si dawa kamili, lakini haiombi hata franka moja.

Sasa kuko wenye kusema: tufukuze wamama kando ya ziwa. Tunakataa! Mama hashuki na watoto na mzigo wa manguo juu anapenda kutembea. Anashuka juu bomba ya avenue yake imekauka. Tunachodai ni maji ndani ya kartie, na mahali pa kufulia penye sakafu ya simenti na shimo la mchanga, mbali na pale tunapochota.

Kwenye avenue yako, bomba ilitoa maji mara ya mwisho siku gani? Andika tarehe, uliza na majirani. Hiyo liste ndiyo tutapeleka.