Mbele ya kukuza foto, tutafute ile ya kwanza



Juma lililopita kikundi chetu kilikuwa na matanga. Mmoja wa wamama wakubwa ametuacha, na familia ilitaka foto yake kubwa ya kuweka mbele ya watu, kisha ukutani nyumbani. Foto iliyopatikana ilikuwa moja tu, ya ubatizo wa mjukuu: watu watano wamesimama pamoja, naye yuko pembeni. Ilikuwa imepita kwa WhatsApp, simu hadi simu. Tulimkata peke yake, tukaomba itolewe kwa ukubwa wa karatasi ya A4. Ilipotoka, uso ulikuwa kama umefunikwa na ukungu. Kijana mmoja akajaribu programu ya simu inayosafisha foto kwa akili bandia. Uso ukang'aa, lakini mjukuu aliutazama akasema: "Huyu si koko." Alikuwa na haki. Kovu dogo la shavuni lilikuwa limepotea, na macho hayakuwa yake.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Foto ya simu imeundwa kwa nukta ndogo sana za rangi, zinazoitwa pikseli. Tuchukue kikombe kimoja cha maharagwe. Tukiyamwaga katika sahani, sahani inajaa. Tukiyatandaza juu ya mkeka mkubwa, tunaona mkeka katikati ya maharagwe. Mkeka umekuwa mkubwa, lakini maharagwe hayakuongezeka. Mashine inapokuza foto, inajaza zile nafasi kwa kukisia rangi kufuatana na nukta za jirani. Ndiyo maana tunaona ukungu. Akili bandia nayo inakisia kwa kufuata nyuso nyingine ilizofundishwa. Inaweza kutuletea uso mzuri wa mtu asiyekuwepo.

Tunaweza kupiga hesabu mbele ya kulipa. Tufungue foto katika simu, tutafute neno "Détails". Tutaona namba mbili, kwa mfano 4000 × 3000. Hizo ndizo nukta za upande mmoja na za upande wa pili. Kwa foto ya kushika mkononi, tugawanye kila namba kwa 120: tunapata sentimita. Kwa foto ya ukutani, inayotazamwa kwa mbali kidogo, tugawanye kwa 60.

WhatsApp, ikituma foto kwa njia ya kawaida, inaipunguza ili isile mega nyingi. Mara nyingi zinabaki nukta karibu 1600 kwa 1200. Katika foto yetu ya watu watano, sehemu ya mama yetu ilikuwa na nukta 300 kwa 400 tu. Tukigawanya kwa 60, ni sentimita 5 kwa karibu 7. Na sisi tuliomba A4, yenye sentimita 21 kwa karibu 30!

Basi tukauliza: nani alipiga foto hii? Alikuwa mpwa wake aliyeko Bukavu, na ile ya kwanza ilikuwa bado katika simu yake. Tulimwomba asiitume kama foto, aitume kama "Document". Kwa njia hiyo haipunguzwi hata kidogo. Inakula mega zaidi, basi. (Tangu 2023 kuna pia alama ya HD. Inaacha nukta nyingi zaidi, lakini nayo inapunguza.) Sehemu ya mama ikawa na nukta 750 kwa 1000, yaani karibu sentimita 12 kwa 16. Hatukulazimisha A4. Tuliitoa kwa ukubwa huo, tukaiweka katikati ya fremu kubwa yenye karatasi nyeupe pembeni. Kovu lilirudi. Mjukuu akaigusa kioo akanyamaza.

Na kama foto iliyopo ni ya karatasi, ya zamani? Tusiipige picha ikiwa ndani ya kioo. Tuitoe polepole, tuipeleke kwenye skana, tuombe nukta 600 kwa inchi. Foto ya sentimita 10 kwa 15 itatoa nukta karibu 2400 kwa 3600, na hiyo inatosha A4 nzuri. Kama skana haipo, tuilaze karibu na dirisha mchana, tuzime flashi, simu iwe sawasawa juu yake, na foto ijaze kioo cha simu. Tusivute kwa zumu, tusogeze mkono.

Kazi ya juma hili, wamama. Kila mmoja wetu apige foto ya mama yake, baba yake au koko aliye hai, mtu mmoja peke yake, uso ukitazama mwangaza. Ile ya kwanza tuihifadhi mahali pawili: katika simu yetu, na katika kadi au simu ya mtu mwingine wa familia. Simu inaibiwa, inaanguka majini, na wengi wetu tumekimbia nyumba zetu bila kubeba kitu. Tusingoje matanga ndipo tutafute uso wa mzazi wetu.

Tutaonana juma lijalo.