Damu Inapunguka: Je, Tupime Vitamini?

Mama mumoja wa Kapalata, kule Kisangani, ametuuliza neno ambalo jamaa nyingi za wachimbaji zitapenda kusikia. Bwana yake iko katika pori, anachimba almasi. Yeye mwenyewe amekunywa kinini za chuma na asidi foliki miezi mitatu, lakini bado anachoka, moyo unapigapiga akibeba ndoo ya maji, na sasa miguu inakufa ganzi, kama vile siafu wanatembea ndani. Jirani amemwambia: «Enda upime vitamini ya damu.» Feza iko ya kipimo kimoja tu. Afanye nini?

Mama, jirani hakusema uongo, lakini usianzie pale. Damu kupunguka si ugonjwa mumoja. Munganga anaanza na hemoglobini: mwanamuke asiye na mimba akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, mwenye mimba chini ya 11, damu imepunguka. Kisha anatafuta malaria, anapima choo kwa ajili ya minyoo inayonyonya damu matumboni, na anauliza habari ya drepanositozi. Kisangani neno hili si dogo: katika utafiti uliotangazwa mwaka wa 2010, watoto wachanga karibu 23 kwa 100 walikuwa wamerizi alama yake kwa muzazi mumoja, na karibu 1 kwa 100 walizaliwa na ugonjwa wenyewe. Mutoto wa namna hii haponi kwa vitamini.

Sasa vitamini zinaingia wapi? Katika ukubwa wa chembe nyekundu. Zikikosa chuma, zinakuwa ndogo na rangi inafifia. Zikikosa B12 ao asidi foliki, zinakuwa kubwa kupita kawaida. Hesabu kamili ya damu inaonyesha ukubwa huo, na bei yake ni ndogo kuliko ya kupima vitamini. Chembe zikiwa kubwa, hapo ndipo kipimo cha vitamini kinastahili feza yako. Ila mutu akikosa chuma na B12 pamoja, ukubwa unaweza kuonekana wa kawaida, na hapo wengi wanadanganyika.

Lakini hii miguu, mama, ndiyo inanisumbua. B12 ikikosekana, neva zinaharibika pia. Na asidi foliki inaweza kupandisha damu huku neva zinaendelea kuharibika kimya-kimya. Basi usiongeze kinini. Umwambie munganga habari ya miguu mbele ya yote.

B12 inatoka katika nyama, samaki, mayai, maziwa, na zaidi sana maini. Sombe haina, mihogo vilevile. Mwaka wa 1926 waganga Minot na Murphy wa Boston walitangaza kwamba wagonjwa waliokula maini kila siku walirudisha damu. Vitamini yenyewe ilipatikana mwaka wa 1948. Mwili unaweka akiba ya miaka, kwa hiyo upungufu unakuja polepole. Tena wako wanaokula nyama vizuri, lakini tumbo halipokei B12. Hawa wanahitaji sindano.

Kipimo kifanywe mbele ya sindano, kwani nyuma yake hesabu inapanda na haisemi kweli tena. Kama labo ya karibu haipimi B12, munganga mwenye mazoezi anaweza kuangalia chembe kwa mikroskopi na kuanza matibabu. Ukienda, beba karatasi zote za zamani na makopo ya dawa ulizokunywa.