Kiasi ni Kiasi Gani? Mwalimu katika Darasa la Kuoka Mkate

Mtu aliyekizoea kitu kwa muda mrefu huwa amesahau jinsi alivyokijua. Mwalimu wa Darasa la Kwanza haikumbuki siku ambayo herufi zilikuwa kwake michoro mitupu isiyokuwa na sauti. Kwa sababu hiyo humshangaa mtoto asiyeona kile ambacho yeye hukiona bila ya kutazama. Na kutoka katika mshangao huo huzaliwa hasira, na kutoka katika hasira mtoto huitwa mzito. Maoni yangu ni kwamba dawa ya usahaulifu huu haimo vitabuni peke yake. Yampasa mwalimu-mwanafunzi arudi kwa hiari yake katika hali ya kutojua. Mahali pafaapo mno kwa jambo hilo ni darasa la kuoka mkate, lile la Jumamosi na Jumapili, ambamo watu wazima wasiowahi kukanda unga huanzia mwanzo kabisa.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini mkate? Kwanza, kazi yake huanza na kwisha kwa siku moja, hivyo mwanafunzi huona mwanzo na mwisho wa somo zima. Pili, mkate haujui kubembeleza. Daftari laweza kusahihishwa kwa huruma, lakini mkate usioumuka hausemi uongo.

Tumsikilize kwanza mpishi hodari anapoeleza kazi yake: "Tia maji kiasi, kanda mpaka ulainike, uache uumuke, kisha uoke mpaka uive." Kila neno hapo ni la kweli, wala hakuna hata moja linalomsaidia asiyejua. Kiasi ni kiasi gani? Ulaini ni upi? Neno "kiasi" huelewa yule tu ambaye amekwisha kujua.

Mkufunzi mwema wa kuoka hutambua pengo hilo. Hutoa kwanza vipimo: kwa gramu 500 za unga wa ngano, maji gramu 300, chumvi gramu 10 na hamira kavu gramu 7. Lakini vipimo navyo havitoshi, maana unga mmoja hunywa maji kuliko mwingine. Basi hutoa dalili. Baada ya kukanda kwa dakika kama kumi, kata kipande kidogo cha donge ukivute taratibu kwa vidole. Kikitanuka na kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila ya kuchanika, kukanda kumetosha. Donge lililokwisha kufinyangwa na kuachwa liumuke libonyeze kwa kidole: shimo likirudi upesi, bado, likirudi polepole, tayari, lisiporudi kabisa, umechelewa. Mkate uliotoka tanurini ugonge chini kwa kidole. Ukilia kama kitu kilicho wazi ndani, umeiva. Sasa mwanafunzi anayo macho ya kujipimia kazi yake mwenyewe hata mkufunzi asipokuwapo.

Tujiulize, ni mara ngapi shuleni tunafundisha kwa "kiasi"? Twasema "Andika vizuri", "Soma kwa ufasaha", "Fikiri!" Amri hizi ni ndugu wa "tia maji kiasi". Mwalimu aliyewahi kusumbuliwa na donge atasema namna nyingine: "Mkia wa herufi g ushuke chini ya mstari", "Ukifika kwenye nukta, shusha sauti, uvute pumzi", "Katika kugawanya, baki sharti liwe dogo kuliko namba unayogawia, likiwa kubwa, rudi nyuma." Hizo ndizo dalili, na mtoto mwenye dalili haihitaji fimbo ili kujua kwamba amekosea.

Jambo la pili ni la mikono. Donge changa hunata vidoleni, na mtu mzima asiyezoea huona aibu. Mkufunzi asiye na subira humpokonya donge na kulikanda mwenyewe. Donge huokoka, lakini mwanafunzi huwa ameibiwa somo lake. Mkufunzi mwema huchukua donge lake mwenyewe, akalikanda kando yake polepole, na kumwachia mwenzake lile la kwake. Vivyo hivyo mwalimu aishikaye penseli ya mtoto na kumwandikia hupata mwandiko mzuri, ila si wa mtoto. John Dewey, katika shule yake ya majaribio iliyofunguliwa Chicago mwaka 1896, aliyafanya mapishi kuwa somo la dhati kwa watoto wadogo, kwa kuwa jikoni tendo na sababu yake havitengani. Hapa Tanzania nako, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 haikuishia kwenye redio: watu wazima walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Aliyesikia tu hakuhesabiwa kuwa amemaliza somo.

Jambo la tatu ni wakati. Hamira ni kiumbe hai, kama Louis Pasteur alivyobainisha katika karne ya 19. Hula sukari iliyomo katika unga na kutoa hewa inayolivimbisha donge. Ukiitilia maji ya moto yapitayo nyuzi 60 za Selsiasi utaiua. Ukiiweka penye baridi, itafanya kazi polepole. Donge ambalo Dar es Salaam laweza kuumuka kwa muda usiotimia saa moja, huko Njombe katika baridi ya Julai litataka muda mrefu zaidi, ingawa unga ni ule ule. Mwalimu anayefuata azimio la kazi kwa saa ya ukutani peke yake, bila ya kuwatazama watoto walio mbele yake, hutia mkate tanurini kabla ya kuumuka. Hata hivyo, subira si uzembe. Donge lililosahauliwa huchachuka na kubwaga. Na mtoto aliyeachwa mno bila ya hatua mpya huchoka vile vile.

La nne ndilo zito kuliko yote. Mkate ukitoka mgumu kama jiwe, darasa zima huukata na kuuchunguza. Je, maji yalikuwa ya moto mno? Hamira ilikuwa kuukuu? Donge halikukandwa vya kutosha? Huulizwa swali moja baada ya jingine mpaka sababu ionekane. Hakuna mwokaji auchapaye mkate kwa kuwa haukuumuka. Iweje basi sisi tunaolea watu tuanze na kiboko kabla ya kuchunguza?

Wapo watakaosema kwamba tanuri ni anasa. Jibu ni kwamba akina mama wa pwani wameoka mkate wa kumimina miaka mingi kwa makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Sufuria na jiko la mkaa vyatosha kwa somo la kwanza. Wengine wataona haya kufundishwa na muuza maandazi ambaye pengine hakumaliza Darasa la Saba. Haya hiyo ndiyo inayotakiwa. Mwalimu aliyeketi mbele ya mtu mwenye cheti kidogo kuliko chake, akauliza na kujibiwa, atajua kwamba swali la mjinga ni amana, wala si usumbufu.

Kwa hiyo napendekeza kwamba kila mwalimu-mwanafunzi, kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, atoe siku mbili za mapumziko ajifunze kuoka mkate, na achukue daftari. Aandike neno gani lilimchanganya, saa ngapi alitamani kuondoka, na jambo gani alilofanya mkufunzi likamrudisha kazini. Kisha alifungue andalio lake la somo la kwanza. Kila mahali ambapo "kiasi" limejificha, alifute, na mahali pake aandike dalili ambayo mtoto wa miaka saba aweza kuiona.