Roboti Ikae Dawati la Nyuma

Wasee, leo tuongee roboti. Sio zile za mkahawa Nairobi zinazobeba chai ndio watu wapige video. Naongea kuhusu roboti ndogo ya darasani, ya kusaidia watoto kujifunza kusoma, huku kwetu Migori na kwa majirani zetu Homa Bay.

Nikigusa hii mada, komenti hugawanyika pande mbili. Upande mmoja: "Leteni hizo roboti haraka, tumeachwa nyuma." Upande mwingine: "Shule haina choo wala madawati, wewe unatuambia roboti?" Nawaelewa wote. Lakini nikiwasoma vizuri naona mnabishana juu ya roboti ileile moja: ile inayosimama mbele ya darasa, inajua kila kitu, inafundisha. Hiyo mimi siitaki, hata ikiletwa bure na helikopta.

Roboti ninayoitaka ni mjinga. Ikae dawati la nyuma kabisa, isome vibaya, ikosee hesabu, na mtoto wa Gredi ya 2 ndiye aifundishe.

Usicheke kwanza. Nifuate polepole.

Vitabu vimekuja. Kuanzia 2015 mpango wa Tusome ulipeleka vitabu vya Kiingereza na Kiswahili kwa shule za msingi za umma nchi nzima, kila mtoto na chake, na ulisaidia kweli. Bado, Usawa Agenda walipopima watoto mwaka wa 2021, baada ya Korona kufunga shule, ni kama wanne tu kati ya kumi wa Gredi ya 4 walioweza kusoma na kuelewa hadithi ya Gredi ya 3. Kitabu kiko kwa mkono, lakini maneno hayatoki mdomoni.

Fanya hesabu hii. Somo la madarasa ya chini ni dakika 30. Darasa likiwa na watoto 70, na mwalimu aseme leo kila mtoto anisomee kwa sauti, kila mmoja anapata sekunde 25 hivi. Sekunde 25! Video yangu fupi kabisa ni ndefu kuliko hiyo. Kwa hivyo nani husoma? Wale watano wa mbele wenye mikono juu. Wa nyuma wanaitikia kwa pamoja, na kelele ya kundi inaficha kila kitu.

Halafu kuna woga. Nikiwa darasa la tatu, shule moja ya huku kwetu, niliambiwa nisimame nisome. Mimi ni Mjaluo, na kwa Dholuo hiyo "sh" haiko. Nikasoma "samba la baba". Darasa lilianguka kicheko, mwalimu naye akashika mbavu. Mwaka huo wote sikuinua mkono tena. Na niko na uhakika wewe pia unamjua mtoto kama huyo, ama ulikuwa yeye. Mtoto wa Kehancha anayeongea Kikuria ana vita yake na "l" na "r". Mtoto wa Mfangano anaweza kuwa na Olusuba ya nyanya, Dholuo ya sokoni, Kiswahili na Kiingereza cha shule, zote kwa kichwa kimoja cha miaka saba. Huyo si mjinga, bana. Huyo ana mzigo. Na akikosea mbele ya watu 70 mara moja tu, anafunga mdomo.

Sasa hapo ndipo roboti mjinga inaingia.

Kila mtoto wa huku anajua hadithi za Apwoyo na Ondiek, sungura na fisi. Ondiek ni mkubwa, ana meno, lakini akili hana, na Apwoyo humpiga chenga kila siku. Zamani watoto walikuwa wanakusanyika siwindhe, nyumba ya nyanya, jioni wanasimuliana sigana na kutegeana vitendawili. Mtoto mdogo pia alikuwa anapata zamu yake ya kuongea. Basi roboti yetu iitwe Ondiek. Mtoto awe Apwoyo.

Ondiek anawekwa na watoto watatu au wanne pembeni ya darasa, mwalimu akiendelea na wengine. Wana kadi ya maneno. Ondiek anasoma: "Baba ameenda samba." Kuna vitufe viwili, kijani ni sawa, nyekundu ni makosa. Watoto wanabonyeza nyekundu. Ondiek anauliza, "Kwani inasomwaje?" Halafu ananyamaza. Watoto wanasoma kwa sauti, wanabishana, wanasoma tena. Ondiek anarudia, "Ahaa! Shamba!" Mtoto amesikia neno sahihi, amelisema mara tatu, na aliyechekwa ni fisi.

Hii kitu haihitaji akili bandia. Ni sauti zilizorekodiwa zikipangwa vizuri. Na Kenya ilishafanya kitu kinachofanana nayo kabla mimi na wewe tuzaliwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na mradi wa redio wa kufundisha Kiingereza darasa la kwanza hadi la tatu. Sauti inauliza swali, inanyamaza sekunde chache, watoto wanajibu kwa nguvu, sauti inaendelea. Zanzibar nao, kuanzia 2006, walikuwa na vipindi vya redio vya watoto wadogo vilivyoitwa Tucheze Tujifunze, kwa mtindo huohuo wa kuuliza na kusubiri. Roboti yangu ni mjukuu wa hizo redio, imeongezwa tu mdomo unaofunguka na macho mawili ya taa.

Na hii ya mtoto kufundisha mashine si ndoto yangu ya usiku. Uswisi, pale Lausanne, watafiti wa chuo cha EPFL walikuwa na mradi unaoitwa CoWriter. Roboti ilikuwa inaandika herufi vibaya, na mtoto mwenye shida ya mwandiko ndiye anairekebisha. Mtoto aliyezoea kuwa wa mwisho anapewa cheo cha mwalimu. Uliza yeyote aliyewahi kumfundisha mdogo wake hesabu: wewe ndiye unaelewa zaidi.

Nitawapa pia ushahidi wa upande wenu, nyinyi mnaosema roboti ni mapambo. Uholanzi walichukua watoto 194 wa miaka mitano na sita, wakawafundisha maneno ya Kiingereza. Wengine walikuwa na roboti na tableti, wengine tableti peke yake. Matokeo yalitoka 2019: wenye roboti hawakujifunza zaidi ya wenye tableti. Kwa hivyo mwili wa roboti hauna uchawi wowote. Ukiweka roboti ya bei ghali ifanye kazi ambayo tableti inafanya, umemwaga pesa. Ndio maana nauliza kwanza kazi ya roboti ni gani, ndio tuongee bei.

Bei nayo tuiangalie. Kulikuwa na roboti rafiki ya watoto Marekani, jina lake Moxie. Karibu dola 800, yaani zaidi ya laki moja za Kenya. Akili yake ilikuwa kwa seva za kampuni, si ndani ya roboti. Desemba 2024 kampuni ikaishiwa pesa, ikatangaza inafunga, na wazazi wakaanza kutafuta maneno ya kumwambia mtoto kwamba rafiki yake ataacha kuongea. Hiyo ni Marekani, kwenye stima haipotei ovyo na bando si shida. Sasa fikiria Moxie 40 Nyatike.

Hiyo laki moja, kwa posho ya 20,000 kwa mwezi waliyokuwa wanapewa walimu wanagenzi wa JSS, ni miezi mitano ya mwalimu mzima mwenye masikio, macho na huruma. Walimu hao waliandamana 2024 wakidai ajira ya kudumu. Mtu akikuambia roboti itaziba pengo la walimu, muulize mbona hilo pengo liko na walimu wako barabarani na mabango.

Na sisi tuna historia na ahadi za vifaa. 2013 tuliahidiwa laptopu za darasa la kwanza. Zikaja tableti kuanzia 2016, zaidi ya milioni moja, kwa zaidi ya shule 20,000. Zuri lilikuwepo: shule nyingi zilivutiwa stima kwa sababu ya huo mradi. Lakini tableti ngapi ziliishia kufungiwa kwa kabati ya ofisi ya mwalimu mkuu kwa sababu zikiibiwa ni yeye atalipa? Kitu cha bei ghali shuleni kwetu hakitumiki, kinalindwa.

Ndio nasema Ondiek awe wa bei ya mulika mwizi. Kadi ya memori, spika, vitufe, betri ya kuchajiwa na sola ndogo, mwili wa plastiki ama hata kadibodi ngumu. Akianguka, fundi wa simu pale steji ya Oyugis amfungue, abadilishe spika, arudi darasani kesho. Asiwe na kamera. Asiunganishwe na intaneti. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi kabla data ya mtoto kuchukuliwa, na njia rahisi ya kuitii ni kutochukua chochote. Sisi ndio wale tulipiga foleni KICC 2023 tukipigwa picha za macho ndio tupate kama elfu saba. Watoto wa Gredi ya 2 tuwaache nje ya hiyo biashara.

Tena hatuanzi na sufuri. Mnakumbuka mashindano ya XPRIZE pale Tanga, Tanzania? Watoto karibu 3,000 wa vijijini walipewa tableti zenye programu za Kiswahili. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa 2019 kati ya washindi wawili, na programu za fainali ziliachwa wazi, yeyote achukue. Upande wa Dholuo, watafiti wa Maseno na wenzao wameshakusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya kwa mradi wa Kencorpus. Mali iko nyumbani.

Na nani atamtengeneza? Hapa ndipo ninapopenda kabisa. JSS nyingi ziko ndani ya ua wa shule ya msingi. Wanafunzi wake wana somo la Pre-Technical Studies, na mara nyingi wanachora tu saketi kwa daftari kwa sababu vifaa hakuna. Wapeni Ondiek kama kazi yao. Gredi ya 8 inamuunda, Gredi ya 2 inamfundisha. Akiharibika, daktari wake yuko darasa la pili kutoka hapo. Vyuo tunavyo, Rongo huku na Tom Mboya kule Homa Bay, wawasaidie na vipuri na ujuzi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa, na nawaambia kitu ambacho kingenifurahisha kule ndani ni kuunda kitu kinachoenda kutumiwa kijijini badala ya kuandika ripoti ya kuwekwa kwa rafu.

Ubaya upo pia, nisiwafiche. Mwalimu asiyependa kelele atamfungia Ondiek kwa kabati. Watoto wenye maguvu watashika vitufe, yule wa kimya abaki kutazama tena. Kwa hivyo vikundi vipangwe na mwalimu, na zamu ziandikwe ukutani. Na mwisho wa muhula tumpime kwa swali moja: yule mtoto wa nyuma amesoma kwa sauti mara ngapi? Kama jibu ni sufuri, mrudisheni Ondiek kwa fundi na mnunue madawati.

Tunaelekea 2027 na ahadi zitamwagika kama omena zikianikwa. Mtu akisimama jukwaani Migori Stadium akiahidi roboti mwalimu kwa kila shule, usipige makofi kwanza. Muulize: ikizima Muhuru Bay, itawashwa na nani? Inamwelewa mtoto anayesema "samba"? Na mwalimu gani hataajiriwa kwa sababu yake?

Kama wewe ni fundi wa simu, ama mwalimu wa Gredi ya 2 Rongo, Ndhiwa, Mbita, popote huku, na uko tayari kujaribu na Ondiek mmoja tu, niandikie inboksi. Hadithi tunazo, mafundi tunao. Sauti yake nitarekodi mimi mwenyewe. Hiyo "samba" naisema bila mazoezi.