Trela Nayo Itiwe Breki

Mwaka jana jirani yangu alinunua trela ndogo ya kufungia pikapu yake. Nia ilikuwa njema: Desemba ikifika, apakie tangi la maji, mabati na kitanda cha mama yake, aelekee Nakuru na jamaa yake bila kukodi lori.

Wakiteremka kuelekea Mai Mahiu, alikanyaga breki na pedali ikazama mpaka chini. Trela ilikuwa ikimsukuma. Aliponea kwa kurudisha gia ndogo na kuelekeza gari kwenye kingo ya udongo. Tangu siku hiyo mkewe ameapa kutopanda tena pikapu hiyo ikiwa na trela.

Jirani aliazimia kununua diski kubwa za mbele. Msomaji, je, hilo ndilo suluhisho?

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Uzito ukiongezeka maradufu, joto nalo huongezeka maradufu. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, joto la kusimamisha gari huwa mara nne. Kwenye mteremko mrefu, joto hilo halipati nafasi ya kupoa.

Tena mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selisiasi, lakini yakishaingiwa na maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Yakichemka hutoa mvuke, nao mvuke hubonyea. Ndipo pedali huzama, hata kama padi ni mpya.

Basi pesa zako zianzie wapi? Kwanza, kwenye trela yenyewe. Trela nyingi ndogo huundwa bila breki yoyote. Ziko breki zinazojifunga zenyewe: gari likipunguza mwendo, trela husukuma fimbo iliyo kwenye kiungio, nayo fimbo hukaza breki za magurudumu ya trela. Ziko pia za umeme, ambazo dereva huzirekebisha kwa kidude kilicho karibu na usukani.

Pili, badilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili. Gari la DOT 3 laweza kutiwa DOT 4, ambayo huvumilia joto zaidi. Usitie DOT 5. Hiyo ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo nyingine.

Tatu, nunua padi na lainingi za kazi nzito. Diski kubwa zije mwisho, tena baada ya fundi kuhakikisha zinaenea ndani ya rimu zako.

Hata hivyo, breki mpya haziongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kuvuta. Soma kitabu cha gari: mara nyingi trela isiyo na breki huwekewa kiwango cha chini zaidi. Na ufikapo mteremkoni, ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, wala usiliachilie gari bila gia ati unaokoa mafuta.

Jirani ameahirisha diski na kuitia trela ekseli yenye breki. Mkewe naye amesema atapanda, lakini kwanza aione ikijaribiwa ikiwa na mzigo.