Uvimbe umekatwa, lakini je, umekatwa ipasavyo?

Wasikilizaji wengi hudhani kwamba uvimbe ukishatolewa, kazi imekwisha. Kwa saratani sivyo. Upasuaji wa kwanza mara nyingi ndiyo nafasi kubwa ya kupona, na ukifanywa nusunusu, kuurekebisha ni kazi ngumu.

Tuchukue saratani ya matiti. Kabla ya upasuaji, mgonjwa huchukuliwa kinyama kidogo, kwa kawaida kwa sindano, kikapimwe maabara. Ikithibitika ni saratani, daktari hukata uvimbe pamoja na sehemu nzima inayouzunguka, na mara nyingi hukagua tezi za kwapani, maana ugonjwa ukianza kusambaa hupitia huko. Kilichotolewa nacho hupelekwa maabara, ili ionekane kama kingo zake ni safi. Mabaki yakiachwa, ugonjwa unaweza kurudi palepale.

Ndiyo maana mafunzo ya daktari yana uzito. Ukanda wetu una COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, makao yake Arusha. Daktari hujifunza akiwa kazini hospitalini, chini ya bingwa, kisha hufanya mtihani sawa na wenzake wa nchi nyingine. Ubingwa wa upasuaji wa jumla huchukua miaka 5. Lakini mkono hukomaa kwa kurudia kazi ileile, na pasipo mtaalamu wa kusoma vinyama maabara, hata bingwa hufanya kazi gizani.

Tatizo si letu peke yetu. Mwaka 2015, jopo la wataalamu la jarida la The Lancet Oncology lilieleza kuwa zaidi ya asilimia 80 ya wagonjwa wapya wa saratani duniani watahitaji upasuaji, lakini wanaoupata ulio salama, kwa wakati na kwa gharama wanayoimudu hawafiki robo.

Basi ukiambiwa uvimbe utakatwa, uliza mambo matatu. Je, kinyama kimeshapimwa? Kitakachotolewa kitapelekwa maabara gani, na majibu lini? Je, nahitaji rufaa kwa bingwa?

Gharama ya kipimo inauma, tunajua. Lakini usikiruke, na karatasi ya majibu itunze. Ukihitaji mionzi au dawa, Ocean Road au Bugando wataanza kwa kuiuliza hiyo.