Mazuti Yapande Angani

Kijana mmoja wa shule ya ufundi ametuuliza: «Kama kamioni huenda mbali kwa mazuti machache, mbona ndege nyingi ndogo hutumia petroli?» Swali lake ni jema, na jibu lake lina fundisho.

Moteri ya petroli huwashwa kwa cheche. Moteri ya dizeli haihitaji cheche: pistoni hukandamiza hewa hata iwe moto sana, kisha mazuti hunyunyizwa ndani, nayo huwaka yenyewe. Hula mafuta kidogo, tena mazuti hayashiki moto upesi kama petroli ndege ianguapo. Lakini mkandamizo ule wataka vyuma vinene, na vyuma vinene ni vizito. Ndege na uzito hawapatani.

Huko Marekani, katika kampuni ya Packard, Lionel Woolson pamoja na Mjerumani Hermann Dorner walitengeneza moteri ya dizeli yenye silinda 9, zilizouzunguka mhimili kama njiti za gurudumu la baisikeli. Ilikuwa na nguvu za farasi 225, nayo ikarusha ndege mwaka 1928. Mwaka 1930 Woolson alikufa katika ajali ya ndege, wakati wa dhoruba ya theluji. Mwaka 1931 Walter Lees na Frederick Brossy walikaa angani huko Florida zaidi ya saa 84 kwa moteri ile, pasipo kuongezewa mafuta. Hakuna aliyewapita mpaka mwaka 1986. Walakini harufu ya moshi na mtetemeko viliwachosha warukaji, na kazi ile ikaachwa.

Katika moteri ile kila pistoni ilisukumwa na moto mara moja katika mizunguko miwili. Baadaye, mjini Munich, Michael Zoche alibuni nyingine, yenye silinda nne zilizopangwa mfano wa msalaba. Humo kila pistoni husukumwa katika kila mzunguko. Alikusudia kupata nguvu za farasi 150 kwa uzito wa kilo 84 tu. Lakini moshi hauna budi kutoka na hewa mpya kuingia kwa kitambo kifupi mno, na silinda hazipati nafasi ya kupoa. Alijaribu miaka mingi, asifikie kuzitengeneza kwa wingi.

Leo zipo ndege ndogo zirukazo kwa dizeli, lakini nyingi kwa moteri zilizotokana na zile za motokari.

Basi, kijana wetu, jibu ndilo hili: mafundi walitaka, wakajaribu, na uzito na joto viliwazuia. Woolson hakuziona zile saa 84, lakini pasipo mikono yake zisingalikuwapo. Nanyi wazazi, mtoto akifungua taa ya zamani ili ajue ndani mna nini, msimpige upesi. Mwulizeni kwanza ameona nini, kisha mwambieni airudishe kama ilivyokuwa.